Kofia ya mpelelezi wa sinema: kuichagua Owino, kuifinyanga kwa mvuke na kuivaa Kampala

Kama unaitaka ile kofia ya mpelelezi wa filamu za zamani, ile Humphrey Bogart alivaa akiigiza Sam Spade kwenye The Maltese Falcon mwaka 1941, basi jua unatafuta fedora ya felti, yaani kitambaa kizito cha sufu ama manyoya yaliyoshindiliwa, na hapo ndo watu wengi wanapotea manake wanauziwa kofia yoyote yenye ukingo wanaambiwa ni fedora. Ya Bogart iko na ukingo wa kama sentimita 6 hadi 7, juu imebonyea kwa urefu katikati, mbele imebanwa pande mbili, utepe umeizunguka na kafundo kake kako kushoto. Ukingo ukiwa mfupi, chini ya sentimita 5, hiyo ni trilbi, ni nzuri lakini haikupi kile kivuli machoni. Ukiwa mpana sana unaingia kwa zile kofia za jua kama anayovaa Rais Museveni, hizo ni habari nyingine kabisa. Na akina dada msijitoe, jina fedora lilitoka kwa mhusika mwanamke, kwenye mchezo wa kuigiza wa Ufaransa wa 1882, na Sarah Bernhardt ndo alimwigiza.

Pa kuitafuta ni kwa mivumba, yaani mitumba, na kwa Kampala nasema soko la Owino, pale karibu na uwanja wa Nakivubo. Kofia za felti zinakuja zimekandamizwa ndani ya belo kwa hivo utaikuta imepondeka vibaya na hata muuzaji mwenyewe ameikatia tamaa, wewe usiogope, mikunjo inatoka. Na hiyo ndo silaha yako ya bei, mwambie tu "ssebo (bwana), punguza kidogo, ona ilivyopondeka." Cha kuogopa ni tundu za nondo na ule mkanda wa ngozi wa ndani kupasuka. Inue kofia juani utazame kwa ndani, tundu hata ya sindano utaiona. Alafu bonyeza kwa kidole gumba, felti nzuri inalegea na kurudi, ya manyoya ya sungura ni laini na nyepesi, ya sufu inakwaruza kidogo lakini inafanya kazi. Ile inayolia kama boksi ukiibonyeza achana nayo, imejazwa gundi na mvuke hautaibadilisha.

Saizi usikisie. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha katikati ya paji la uso na upana wa kidole kimoja juu ya masikio. Ukipata 57 ama 58 ndo namba utaitafuta ndani ya kofia, na kama ni ya Marekani 57 yao ni 7 1/8 na 58 ni 7 1/4. Ukikosa yako sawasawa chukua iliyozidi kidogo, unaweka kipande cha gazeti kilichokunjwa nyuma ya ngozi inakaa, lakini ndogo itakuumiza kichwa na upepo wa kwanza unaibeba.

Sasa mvuke, hapa ndo penye kazi na ndo penye raha. Chemsha birika mpaka mvuke utoke kwa nguvu, jiko la mkaa ama umeme ni sawa tu. Mvuke uipige kofia kwa nje, sio ndani, manake ngozi ikipata joto inasinyaa na saizi inapungua. Izungushe mbali kidogo na mdomo wa birika, isilowe, ukisikia felti imelegea ingiza ngumi ndani usukume bonde la zamani lote litoke, kofia ibaki duara juu. Usiruke hii hatua, ukitengeneza bonde jipya juu ya la zamani litapinda tu.

Irudishe kwa mvuke, alafu kwa ubavu wa kiganja bonyeza katikati kutoka mbele kwenda nyuma, mbele liingie zaidi, nyuma lipande. Sasa piga mvuke mbele peke yake, weka kidole gumba upande mmoja na vidole viwili upande wa pili, bana polepole na ushikilie hapo hapo mpaka ipoe. Mvuke unalegeza nyuzi za felti na zikipoa ndo zinashika, kwa hivo ukiachia mapema inarudi ilikotoka. Tazama kwa kioo, upande mmoja ukiwa umeingia zaidi piga mvuke tena, felti inakubali kurudiwa. Mwisho ukingo: lainisha mbele, ushushe kwa vidole kuanzia panja hadi panja bila kuacha mstari wa kukunjwa, nyuma upandishe. Ilaze juu ya sufuria iliyopinduliwa usiku mzima, ukingo usiguse meza.

Kuivaa, ishushe mpaka vidole viwili juu ya nyusi na uinamishe kidogo upande wa kulia, kidogo tu. Lile koti refu la mpelelezi waachie watu wa Kabale, huko baridi inaruhusu, hapa Kampala koti jepesi linatosha. Kwenye kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya bwana harusi kutambulishwa kwa wazazi wa mke, juu ya kanzu na koti, ya kijivu ama kahawia inapendeza sana kwa macho yangu, ila ukiingia ndani mbele ya wazee unaivua, na unaivua kwa kushika ukingo, sio pale mbele palipobanwa, manake felti inachoka hapo na kupasuka.

Kwa boda utavaa helmeti kwa hivo kofia iweke kifuani ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) kubwa, isiminywe na begi. Vumbi letu jekundu usilipanguse na kitambaa cha maji litaingia ndani ya felti, subiri likauke upige burashi laini kinyume na saa. Mvua ya Machi hadi Mei ikikunyeshea, geuza ngozi ya ndani itoke nje, simamisha kofia juu yake ikauke yenyewe, mbali na sigiri (jiko la mkaa) na mbali na dashibodi ya gari. Ukiiweka kabatini ilaze kichwa chini, ukingo juu. Na ngozi ikianza kuachana na felti mpelekee fundi viatu aishone kwa mkono, ila mwambie apitishe sindano kwenye tundu zile zile za zamani, asitoboe mpya.