Kiangulio cha boksi la samaki kwa hewa ya Lamu

Miongozo mingi ya kutengeneza mashine ya kuangulia mayai huandikwa na watu wa bara, na la kwanza wanalokwambia ni kuweka bakuli la maji humo ndani. Huku kwetu Lamu maji hayo ndiyo huua vifaranga. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha moto hadi nyuzi 37.5, hubaki na unyevu wa karibu asilimia 47 bila kuongeza hata tone. Siku 18 za mwanzo yai la kuku lataka asilimia 45 hadi 55. Bahari imeshakufanyia kazi nusu.

Hatua ya 1: Boksi. Tafuta lile boksi jeupe la povu la kusafirishia samaki na barafu. Lioshe kwa sabuni, lianike juani mpaka harufu iishe. Kata dirisha kwenye kifuniko, ubandike kioo. Toboa matundu mawili chini na mawili juu, kila moja upana wa kidole cha mwisho, kwani kiinitete, yaani kifaranga kinachokua ndani ya yai, kinapumua.

Hatua ya 2: Umeme. Nunua balbu mbili za wati 25 za kizamani, zenye waya ndani. Za LED hazitoi joto la maana. Ni mbili ili moja ikiungua usiku nyingine ibaki. Zikae mbali na povu, si chini ya upana wa kiganja, na nyuma yake uweke kipande cha bati kwa sababu povu huyeyuka na kushika moto. Zizungushie wavu wa waya. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 ipulize kupitia balbu, na iunganishwe moja kwa moja na adapta yake, isipitie kwenye thamostati, ile swichi inayowasha na kuzima balbu kufuata joto: lazima izunguke muda wote. Kihisio cha thamostati kikae usawa wa mayai, kisitazamane na balbu. Kama hujawahi kushika umeme wa nyumbani, mwite fundi.

Hatua ya 3: Pima vipimo vyenyewe. Vipimo vya bei rahisi hudanganya. Tia kihisio na kipimajoto cha homa ndani ya kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, ulinganishe. Kwa kipimaunyevu, lowesha chumvi kidogo iwe kama uji mzito, ifungie nacho ndani ya mkebe usiopitisha hewa usiku kucha; asubuhi kisome asilimia 75. Tofauti utakayoiona iandike kwa kalamu juu ya boksi. Kisha weka thamostati nyuzi 37.5, uiwashe mashine tupu kutwa na usiku mzima.

Mahali pake ni chumba cha ndani. Mwenye nyumba ya mawe ana bahati, kuta nene hazibadiliki joto ovyo. Chini ya mabati, mchana wa kaskazi, utahangaika.

Hatua ya 4: Mayai. Yawe ya kuku wanaokaa na jogoo, yasiyozidi siku saba, na usiyaoshe. Mayai ya trei za dukani kwa kawaida hayana mbegu. Yaliyovuka kutoka Mokowe kwa boti kisha yakapakiwa punda yamesukwasukwa. Yaache yatulie siku nzima, ncha nyembamba chini, kabla ya kuyaingiza.

Hatua ya 5: Kugeuza. Andika X upande mmoja na O upande wa pili, kwa penseli. Geuza mara za witiri kila siku, tatu au tano, ili upande unaolala usiku mrefu usiwe ule ule. Mimi hugeuza baada ya kila swala, basi sihitaji kengele.

Hatua ya 6: Mizani na tochi. Siku ya 7 mulika gizani: lenye mishipa ya damu linakua, lililo wazi litoe. Unyevu usiuamini kwa kipimo peke yake. Yapime mayai kwa mizani ya jikoni siku ya kuyaweka. Nusu kilo inatakiwa ifike karibu gramu 440 siku ya 18. Yakibaki mazito, unyevu umezidi: ondoa maji kama ulitia, panua matundu. Yakipungua upesi, weka kifuniko cha chupa chenye maji.

Umeme ukikatika, usifungue boksi. Lifunike blanketi, na ukizidi saa moja ingiza chupa za maji moto. Yai huvumilia kupoa kwa saa chache. Joto la nyuzi 40 halivumilii.

Hatua ya 7: Siku tatu za mwisho. Siku ya 18 acha kugeuza, tandika kitambaa kikavu, na sasa ndipo uweke bakuli la maji ufikishe asilimia 65 hadi 70. Usifungue tena. Kifaranga akishatoboa huweza kuchukua saa 24 kutoka. Kumsaidia mapema ni kumtoa damu. Wakishatoka waache wakauke humo humo, kiini cha yai kilichoingia tumboni mwao kinawatosha siku nzima na zaidi.

Ikifika siku ya 23, yaliyobaki yavunje nje ya nyumba. Kifaranga mkubwa aliyelowa maji maji hakupoteza unyevu wa kutosha. Aliyeganda kwenye ngozi ya yai alikaukiwa, aghalabu kwa sababu mtu alifunua kifuniko kuchungulia.