Mpingo mbichi: pakaa nta kwenye ncha kabla ya kukereza

Ukipata gogo bichi la mpingo, usilianike juani. Litapasuka kuanzia kwenye ncha, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi pale palipokatwa kuliko ubavuni. Yeyusha mshumaa, pakaa ncha zote mbili siku ile ile, kisha liweke kivulini penye hewa kwa miezi, si wiki. Mti huu huchukua miongo mingi kufikia unene wa kukatwa. Inauma sana kuona umeharibika kwa haraka ya siku moja.

Ukikereza bakuli, jaribu kubakiza ukingo wa njano unaozunguka moyo mweusi. Mimi siuondoi kamwe: hiyo ndiyo miaka ya mwisho ya uhai wa mti.

Vaa barakoa, vumbi lake huwasha.