Jinsi ya kusoma picha ya kale ya gulio la burudani la Uingereza

Mimi nikishika picha ya namna hii, farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka nawaacha kwanza. Najua ndio wanaovuta macho, lakini magulio mengi yalikuwa nao, kwa hiyo peke yao hawasemi mengi. Anza na maandishi.

Chukua lenzi usome mbao zinazozunguka paa la bembea. Mara nyingi pale pameandikwa jina la mwenye mali, si la fundi. Bembea iliyoundwa na Savage, mtengenezaji wa bembea wa mji wa King's Lynn, iliweza kuuzwa, ikapakwa rangi upya na kupewa jina jingine. Herufi zikisomeka kinyumenyume, picha imechapwa kinyume. Pasipo na herufi, sasa waite farasi. Uingereza bembea yao huzunguka kama mishale ya saa, kwa sababu farasi hupandwa kwa ubavu wake wa kushoto. Basi wale walio karibu nawe wataelekea mkono wako wa kushoto. Wakielekea kulia, ama picha imegeuzwa, ama ni ya bara Ulaya.

Kisha tafuta mwaka. Hema la sinema lenye jukwaa na kinanda kikubwa mbele yake linakuweka kati ya 1897 na Vita vya Kwanza vya Dunia. Vigari vya umeme vya kugongana? Usirudi nyuma ya miaka ya 1920. Injini ya mvuke yenye dainamo mbele ya bomba la moshi ndiyo iliyowasha taa, ikavuta na mizigo barabarani. Mimi huikagua muda mrefu kuliko kitu kingine, maana nayo huandikwa jina.

Mandhari nayo husema. Goose Fair, gulio la mji wa Nottingham, ilifanyika katikati ya mji hadi 1927, ikahamia uwanja wa Forest mwaka 1928. Ukiona majengo yameibana pande zote, picha ni ya kabla ya hapo.

Ukishapata jina, fuata ukoo. Gazeti la World's Fair lilianza 1904 na lilijaa habari za familia za wenye magulio. Chuo Kikuu cha Sheffield kina hifadhi ya nyaraka zao tangu 1994. Usiwachanganye na Waroma (waitwao pia Wajipsi): wenye magulio ni jamii yenye chama chake, kilichoanzishwa 1889 kupinga mswada wa mwanaharakati George Smith wa kudhibiti makazi ya magurudumu.

Katika sensa usiwasake kwenye nyumba za mitaani. Kati ya 1851 na 1911 hesabu ilifanyika mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, magulio ya Pasaka yakikaribia au yakiendelea. Tafuta kurasa za walioorodheshwa kwenye magari ya kuishi, aghalabu mwishoni mwa orodha ya mtaa, na usome majirani wote: jina la gari la pili laweza kuwa la mkwe.