Kabla ya Kubadili Mfumo wa Maji ya Moto Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia kwa Kaya za Tanga

Jambo la kwanza halihitaji fundi wala fedha. Kwa muda wa wiki moja, kabla hujaingia duka lolote la vifaa, hesabu ndoo za maji ya moto zinazotumika nyumbani kwako, na uandike kila ndoo ilikuwa ya nani na ya saa ngapi. Wengi huanza kwa kuuliza hita ipi ni nzuri, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni maji kiasi gani yanahitajika, yenye joto gani, na wakati gani. Hapa Tanga jibu lake si sawa na la Lushoto, ambako maji ya bomba ya alfajiri huingia hadi kwenye mifupa. Simtanki jeusi lililoshinda juani hutoa maji vuguvugu jioni yake bila gharama yoyote, na mtu mzima mwenye afya anaweza kuyaogea karibu mwaka mzima, isipokuwa asubuhi za kipupwe, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapokuwa umevuma usiku kucha. Wanaohitaji maji ya moto kwa kweli wanajulikana: mzazi aliye katika arobaini yake, mtoto mchanga, mzee mwenye maumivu ya viungo na mgonjwa. Mfumo upimwe kwa kuwaangalia hao kwanza.

Nyumbani kwetu Chumbageni tuko watu sita. Wiki tuliyopima ilikuwa ya Julai, na kipimajoto kilionyesha nyuzijoto 25 kwenye maji ya asubuhi, na 40 kwenye ndoo ambayo mama aliigusa kwa kiwiko na kusema imetosha. Tofauti hiyo ya nyuzijoto 15 ndiyo kazi yote ambayo hita inaombwa kuifanya, wala si kuyachemsha maji mpaka yatokote kisha kuyapoza kwa maji baridi, kama tulivyokuwa tukifanya miaka yote kwa sufuria lenye masizi juu ya jiko la mkaa. Hesabu yake ni nyepesi. Yuniti moja ya umeme hupasha lita 43 za maji kwa nyuzijoto 20, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyoongezewa nyuzijoto 15 hula takribani yuniti 0.35. Watu sita wakioga ndoo moja moja kwa siku, mwezi utaishia kwenye yuniti 63 hivi, endapo hakuna joto linalopotea njiani.

Namba hiyo ina uzito kwa sababu ya namna LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inavyotozwa. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja wa majumbani aliye katika kundi la D1, la watumiaji wadogo, hulipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi na tozo, mradi matumizi yake ya mwezi hayazidi yuniti 75. Zinazozidi hapo hulipiwa shilingi 350 kila moja, wakati wateja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa yuniti. Sasa chukua hita ya shawa ya wati 3,500, ambayo kwa sura ni kifaa kidogo na cha bei nafuu. Dakika 10 za kuoga hula karibu yuniti 0.58, watu sita hufikisha yuniti 3.5 kwa siku, na mwezi hufika yuniti 105. Kaya iliyokuwa ikiishi vizuri ndani ya yuniti 75, kwa taa, feni, televisheni na friji ndogo, itavuka mpaka huo kwa kuoga peke yake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtu aangalie kwanza yuko kundi gani na anatumia yuniti ngapi, kwa kukusanya risiti zake za LUKU za miezi mitatu, kabla ya kuvutwa na bei ya hita dukani.

Kwa maoni yangu, kaya ya Tanga inayoweza kumudu gharama za mwanzo ianze na hita ya jua. Tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hukaa upande wetu wa kaskazini, yaani miezi ileile ambayo baridi yetu ndogo hutufikia. Paneli ielekezwe kaskazini, ikiwa na mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iweze kusafisha kioo na ili maji yaliyopata joto yaweze kupanda yenyewe kuelekea tanki lililo juu yake. Katika siku za masika, mawingu yakitanda mfululizo, maji hayatafika joto lile, na hapo mfumo wenye koili ndogo ya umeme ya akiba husaidia, ila koili hiyo iwe na swichi yake mwenyewe na iwashwe kwa makusudi. Ikiachwa ijiwashe yenyewe usiku, itapasha maji ambayo jua lingeyapasha bure kesho yake.

Kimo ndicho kilichotuumiza sisi. Mifumo mingi ya hita za jua yenye mirija ya kioo inayouzwa kwa bei ya kati haivumilii presha. Hujazwa na maji yanayoteremka kutoka kwenye simtanki, na hivyo haiwezi kuungwa moja kwa moja na bomba la mtaani. Fundi aliyetufungia aliweka tanki la maji ya moto juu ya paa la nyumba, na simtanki letu lilikuwa kwenye mnara uliolingana na paa hilo. Maji baridi yalijaza tanki nusu tu kisha yakasimama. Nakumbuka mama amesimama bafuni, taulo begani na kopo mkononi, akitazama uzi mwembamba wa maji ukidondoka kutoka kwenye shawa mpya. Ilitubidi kuuongeza mnara kwa mita moja na nusu, gharama ambayo hatukuipangia. Kila mita moja ya kimo hutoa presha ya takribani bar 0.1, kwa hiyo pima kwa kamba, tena mwenyewe, umbali kutoka sakafu ya simtanki hadi juu kabisa ya tanki la moto, halafu kutoka sakafu ya tanki la moto hadi kwenye shawa. Sakafu ya simtanki isipokuwa juu zaidi ya kilele cha tanki la moto, simamisha kazi.

Paa nalo lisemeshwe kabla halijabebeshwa mzigo. Tanki la lita 200 likijaa lina kilo 200 za maji pekee, bado chuma, kioo na fremu. Nyumba nyingi za Ngamiani zina mabati ya zamani juu ya boriti za mikoko ambazo hakuna aliyezikagua tangu babu azipandishe. Panda darini na tochi, gusa kenchi kwa bisibisi, tafuta unga wa mchwa. Kama una shaka, mnara wa zege au wa chuma uani ni salama zaidi. Angalia pia kilicho juu ya paa: kivuli cha mwarobaini saa tano asubuhi hupunguza joto, na mnazi ulioinamia nyumba utadondosha nazi siku moja, na mrija wa kioo hauhimili nazi.

Hewa ya bahari na maji yetu ni mambo ya kutazamwa pamoja. Anayeishi Raskazone au Sahare anajua jinsi misumari ya bati inavyoota kutu kwa miaka michache tu. Fremu ya hita iwe ya alumini au ya chuma kilichochovywa zinki, na bolti zake ziwe za chuma kisichoshika kutu. Maji ya mamlaka, yanayotoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, si sawa na maji ya visima. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tanga ni mawe ya chokaa, yaleyale yaliyofanya mapango ya Amboni, na kisima kilichochimbwa humo mara nyingi hutoa maji yenye chokaa, na karibu na ufuo, chumvi. Huhitaji maabara ili kujua: funua birika lako na utazame kitako chake. Ukikuta ukoko mweupe, ukoko huohuo utajijenga ndani ya tanki na kuzunguka koili, na koili iliyovaa ukoko hupata joto kupita kiasi na kuungua mapema. Uliza kama tanki lina ufito wa magneziamu, ambao huliwa na kutu badala ya tanki lenyewe, na kama ufito wa kubadilishia unapatikana hapa mjini.

Mabomba ya maji ya moto yawe ya plastiki ya PPR ya daraja la maji ya moto, yanayounganishwa kwa kuyeyushwa. Bomba la kawaida la PVC hulegea joto linapokaribia nyuzijoto 60, na jua la mchana wa Februari linaweza kuyafikisha maji ya tanki zaidi ya hapo. Njia ya bomba iwe fupi na ivikwe sponji, kwa sababu kila mita iliyo wazi hupoteza joto ulilokwisha kulipia. Hapohapo bafuni kuwe na koki ya kuchanganyia. Maji ya nyuzijoto 60 huweza kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde tano hivi, na ngozi ya mtoto kwa muda mfupi zaidi.

Kwa anayebaki na umeme, nyaya ndizo zinazoamua. Hita ya wati 3,500 huvuta karibu ampea 15, na ya wati 5,500 huvuta ampea 24. Isichomekwe kwenye soketi ya feni, bali iwe na waya wake kutoka kwenye bodi, breka yake, ethi inayofanya kazi, na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30. Mkae mbali na koili ya kuchovya kwenye ndoo. Pampu ya joto, inayovuta joto kutoka hewani na kutumia takribani theluthi moja ya umeme wa hita ya kawaida, inaifaa sana hewa yetu yenye joto, lakini usiinunue kabla ya kumpata fundi wa friji na viyoyozi atakayekubali kuihudumia. Hita ya gesi ifungwe nje ya bafu, mahali penye upepo, kwa kuwa moshi wake usioonekana huua.

Siku ya kufunga mirija ya kioo, maji yajazwe kabla jua halijapanda au baada ya kuzama, kwani maji baridi yakiingia kwenye mrija uliokauka juani huupasua palepale. Jambo hilo litawahusu pia kila mara maji ya mtaa yakikatika na simtanki likabaki tupu. Kabla fundi hajaondoka, mwambie aandike kwa rangi juu ya kila koki kazi yake, kisha mpe mmoja wa watoto wakubwa azifunge na kuzifungua zote mbele yake.