Mashine ya boti ikizima kwenye sailensa

Mashine ya boti ya kuchanganya oili ikikimbia vizuri lakini inazima ukiirudisha sailensa, yaani mwendo wa chini kabisa, angalia kwanza jeti ndogo ya kabureta, kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli. Petroli ya madumu huja na maji, na boti ikikaa pwani wiki kadhaa, iwe Nungwi au Wete, petroli hukauka ndani ikaacha utando unaonata.

Ikiwa inafifia kwenye kasi, minya ile pampu ya mpira ya mkono. Ikichangamka, usiiguse kabureta: tafuta hewa kwenye viungo vya mpira, filta au pampu ya mafuta.

Jeti izibue kwa kipande cha mshipi mwembamba wa nailoni. Waya usitie kabisa. Shaba ni laini, tundu litapanuka na hakuna marekebisho yatakayokaa tena.

Halafu skrubu ya sailensa, ile inayopima petroli. Ikaze polepole mpaka iguse tu, ukihesabu mizunguko, uiandike. Ukiilazimisha ncha inaharibika. Huna hesabu ya kiwandani? Anzia kwa kuifungua mzunguko mmoja na nusu. Funga boti majini, acha mashine ipate moto, tia gia ya mbele, zungusha robo kwa robo, ukisubiri kidogo kila mara. Ikikohoa ukiipa mafuta, petroli ni chache. Moshi mwingi na plagi mbichi, yaani imelowa, petroli imezidi. Ukishindwa kuchagua, iache izidi kidogo, kwa sababu oili ya pistoni inakuja na petroli hiyohiyo.