Somo: Hadithi darasani sio ya kujazia kipindi, mi naitumia hivi

Walimu wenzangu habari za jioni. Mlioomba nielezee kufundisha kwa hadithi haya njooni, mi nafundisha hesabu darasa la tano huku Tandahimba. Nianze na aibu yangu. Mwaka wa kwanza kazini nilitaka kufundisha desimali nikaja na sungura na fisi, nikasimulia mpaka jasho, watoto wanacheka hadi wa darasa la jirani wanachungulia dirishani, kengele inakaribia nauliza haya tumejifunza nini, mtoto wa mbele akanyoosha mkono: "Fisi ni mlafi mwalimu." Desimali hata moja.

Hatua ya 1: anza na swali. Andika swali moja tu ambalo mtoto anatakiwa aliweze mwisho wa kipindi. Langu lilikuwa kilo moja na robo mara nane. Hadithi isiyopita hapo iache hata kama tamu.

Hatua ya 2: itafute nyumbani kwao. Msimu wa korosho huku nani asiyeijua kangomba, ule ununuzi wa magendo wa kupima korosho kwa bakuli nje ya mnada? Nikatunga: bibi ana korosho zake, sare ya mjukuu inadaiwa, mnada bado, usiku anabisha hodi mchuuzi na bakuli lake, anasema bakuli moja ndo kilo moja, 2,000. Bibi akapima manane akapewa 16,000. Kwa haraka zake mchuuzi akasahau bakuli, asubuhi mjukuu akalijaza korosho zilizobaki, akaenda kuzimwaga kwenye mzani wa dukani, mshale ukapita kilo, ukasimama kwenye moja na robo. (Majina msitaje jamani, mtoto wa mchuuzi yumo humo humo darasani.)

Hatua ya 3: Paukwa! Subiri Pakawa ya wote, na wale wa nyuma. Darasa linatulia bila fimbo.

Hatua ya 4: KATA. Hapa ndo penyewe. Mshale ukisimama na wewe simama, andika ubaoni 1.25 × 8 alafu nyamaza. Watapiga kelele malizia mwalimu malizia, waambie hadithi haiendi mpaka tujue bibi kapunjwa ngapi. Siku ile walihesabu hadi wale wa kulazimishwa kushika penseli: kilo 10, ni 20,000, bibi kapunjwa 4,000. Binti mmoja hakuandika kitu, alipanga kokoto tano tano kwenye dawati mafungu manane, kila kokoto robo kilo, akapata robo 40 akagawa kwa nne. Mi sikumfundisha hiyo.

Hatua ya 5: usimalizie wewe. Wamalizie wao na wabadilishe namba, bakuli 12, bei 2,500. Hadithi isizidi dakika 10, kipindi ni 40 tu.

MASWALI

Ticha Nachingwea: Mkuu mi nina watoto 110, sauti si itakauka?
Jibu: Wagawie. Safu ya dirishani ndo bibi, ya katikati mchuuzi, ya mlangoni mjukuu, kila safu na neno lake la kuitikia. Wewe baki na mzani.

Mama Mikindani: Wangu wa darasa la kwanza, wengine nyumbani ni Kimakonde tupu, wakisimama wanaganda.
Jibu: Dada, mwache amsimulie mwenzake kwa Kimakonde kwanza, mwenzake ndo alete kwa Kiswahili. Ukimkatiza kumsahihisha umempoteza.

Mwl wa Kilwa: Kwenye historia je? Majimaji ukiigeuza hadithi si utapotosha?
Jibu: Swali zuri. Kilichotokea kiandike ubaoni kabla hujafungua mdomo: vita na Wajerumani 1905 hadi 1907, Wamatumbi kung'oa pamba Nandete, Kinjekitile, mganga aliyegawa dawa ya maji, kunyongwa Agosti 1905. Hivyo huvigusi. Ile ya dawa kugeuza risasi kuwa maji sema "watu waliambiwa", alafu kata hapo, waulize we ungekuwa unalimishwa pamba kwa nguvu ungeamini? Watabishana mpaka mapumziko.

Ticha Nachingwea: Na mkaguzi akikuta paukwa pakawa?
Jibu: Iwe kwenye andalio la somo, sehemu ya utangulizi, na swali lako liwe limeandikwa.

Mama Mikindani: Jamani mchuuzi alirudia bakuli lake??
Jibu: Hahaa, wanangu wamemalizia hivi: alirudi usiku akalikuta mlangoni, ndani limepigwa mstari wa kalamu, pameandikwa KILO INAISHIA HAPA.