Kulinganisha Datsun 240Z na Celica GT-Four ukiwa Arusha

Kwa Safari Rally, magari haya yote yana heshima yake: Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973, Toyota Celica GT-Four, toleo la ST185, ikashinda mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Ukitaka kuyalinganisha hapa kwetu, spidi iache kwanza. Anza na kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa, ukikumbuka kwamba Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi.

Pasha injini moto, izime, kisha toa plagi zote: sita za Datsun, nne za Celica. Kata umeme wa koili, na kwa Celica chomoa pia soketi za injekta, petroli isije ikamwagika ndani ya silinda. Funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, silinda moja baada ya nyingine; msaidizi akanyage mafuta hadi chini na kupiga stata mpaka sindano ya geji iache kupanda. Silinda ambayo Dar ingesoma psi 170, hapa itasoma karibu 145, na ni nzima kabisa. Injini nyingi nzuri hukataliwa kwa kosa hili. Cha kuangalia ni tofauti: silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, shuku valvu au gasketi. Kwa Datsun, pima kwanza nafasi za valvu injini ikiwa baridi (0.20 mm za kuingiza, 0.25 mm za kutolea), kwani valvu iliyobanwa haikai vizuri.

Sasa endesha yote mawili kutoka Moshi hadi Arusha, kilomita kama 80, siku moja, dereva yule yule. Hapa moshi mweusi una maana mbili. Kwenye Datsun ni kabureta zake mbili: zilisetiwa chini kwenye usawa wa bahari, hazijui kwamba hewa imepungua, basi petroli inazidi na plagi zinashika masizi. Pandisha nati iliyo chini ya kila kabureta robo mzunguko, zote sawasawa, ukague plagi tena. Ukishuka pwani zirudishe, la sivyo injini itachemka kwa kukosa petroli.

Celica hujirekebisha yenyewe kwa kompyuta, kwa hiyo ikitoa moshi mweusi ina hitilafu. Kagua mipira ya kupitishia hewa kati ya turbo na injini. Ukipasuka mmoja, hewa iliyokwisha kupimwa inatoroka lakini petroli yake inaingia vile vile.

Kutu ndiyo adui mkubwa wa Datsun. Inua betri, gonga bati la chini yake kwa mpini wa bisibisi, kisha sakafu na reli zake. Sauti butu, bati limeoza.

Celica isiyojulikana historia, badilisha mkanda wa taiming pamoja na pampu ya maji kabla ya safari ndefu. Tairi zote nne ziwe saizi moja na zilizoisha sawa. Ukichanganya mpya na kipara, difu ya kati, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, inapata moto na kufa.